Hofu Ni Kwako

Jumanne, 4 Juni

Mume wangu,

Watu wakiandika barua huanza na "mimi mzima, hofu ni kwako," halafu wanaendelea na habari za mvua. Mimi leo si mzima, na hofu ni kwako kweli kweli, na ukirudi nitakuchapa na ile rula yangu ya mbao ya kupimia vitambaa.

Dereva wa lori la kokoto amepita hapa asubuhi akanipa kikaratasi chako. Nikakikunjua. "Mke wangu, nimeokoka. Nitaandika. Usiogope." Basi! Hayo tu! Mwanaume kazi yako ni kulipua mawe kwa baruti, simu zenu zinakusanywa getini zisije zikawasha hiyo baruti, tangu Januari hujakanyaga hapa, halafu unaniletea neno "nimeokoka" na nukta mbele yake! Umeokoka na nini? Na nani hakuokoka?

Nilimuuliza dereva kuna nini. Unamjua yule, ukimuuliza jambo anakuna kichwa kwanza, jibu likitoka limeshapungua. Akasema, "Mi nimepewa tu, dada. Ila jana kulikuwa na kishindo, we acha tu." We acha tu! Nikarudi kwenye mashine, hata sijui kwa nini, nikaendelea kushona sare ya kwaya. Nilipozinduka nimeunga mkono wa gauni shingoni.

Nikatoka mbio na kiatu kimoja mpaka kwa jirani, kiongozi wetu wa maombi. Nikampa asome yeye, labda macho yangu yananidanganya. Akasoma, akaniangalia, akapiga yowe. Haya sasa! Yowe la kiongozi wa maombi halihitaji kipaza sauti. Mchana uwani kwetu pamejaa watu, mikeka imetandikwa, na mmoja ameshaanza kuniambia nijikaze, Mungu ndiye aliyetoa. Nikamwambia ngoja kwanza, hajatwaa!

Kilichonizuia nisizimie ni mwandiko. Ni wako, nimeutazama mpaka karatasi imelowa jasho. Ile "k" yako yenye mguu mrefu, anayeiandika hivyo ni wewe peke yako. Kwa hiyo mkono wa kulia upo. Na mengine? Macho yapo? Miguu? Umebaki na vidole vingapi? Nihesabie kimoja kimoja, usiniandikie "vya kutosha" kwa sababu nakujua.

Mkeo,
roho mkononi


Alhamisi, 6 Juni

Mke wangu, fundi wangu mkali,

Bwana asifiwe! Itikia basi, mbona kimya? Hukutegemea kuisikia kutoka kwangu, eh?

Vidole kumi, macho mawili, miguu ile ile uliyoilalamikia kwa kunuka. Sijalipuka. Nimeokoka, yaani nimeokoka! Nimempa Yesu maisha yangu. Miaka yote hii unapiga magoti pembeni ya kitanda kuniombea, nami nakuona kwa jicho moja huku nakoroma kwa uongo. Leo nakuletea majibu ya maombi yako, unaniuliza kama nimekatika! Hivi ulikuwa unaomba kwa imani gani, mke wangu? Nimecheka mpaka Mama Mpishi wa kambi akatoka na mwiko kuja kuuliza kuna nini.

Hujawahi kufika huku, kwa hiyo nikueleze ilivyokuwa. Matundu yakishatobolewa kwenye mwamba, mimi ndiye ninayeyajaza baruti na kuunga tambi za kuwashia. King'ora kinalia, watu wote wanakimbilia nyuma ya tuta la udongo, mimi nawasha na kuingia kwenye kalvati, lile bomba kubwa la zege, peke yangu. Nakaa humo nahesabu milio. Matundu kumi, milio kumi. Ikitimia natoka nje naita kwa sauti, "Salama!" Hapo ndipo akina mama wa nyundo wanaingia kuponda mawe yaliyoanguka. Nisipoita, hakuna anayeinua mguu. Ndiyo maana hapa jina langu ni hilo hilo, Salama. Salama njoo unywe chai, Salama umeniibia sabuni.

Sasa kuna jambo sijawahi kukuambia. Mimi naogopa. Nikija nyumbani natamba kwamba baruti na mimi tumezoeana, uongo mtupu. Kila nikiwasha, magoti yanagongana. Jumatatu nilikuwa ndani ya kalvati, nahesabu, jasho linaingia machoni, nikajiuliza: hawa wote wanangoja niwaambie salama, na mimi je, nani ataniambia? Nikasema pale pale, "Bwana Yesu, nichukue, mimi sina pa kujificha zaidi ya hapa." Bila kwaya, bila mchungaji, nimekunja magoti kama kuku kwenye tenga. Nikatoka nikaita "Salama!" huku nalia. Mama Mpishi ndiye aliyeniambia jambo hilo linaitwaje. "Umeokoka, baba," akasema. Lori lilikuwa linaondoka, nikachana karatasi nikuandikie upesi.

Hofu haijaondoka, nisikudanganye. Ila chini yake kuna furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nasuka tambi huku natabasamu, watu wananitazama vibaya. Nimeamua Yesu awe wa kwanza. Kabla ya Meneja, kabla ya kazi, hata kabla yako, na usinune.

Mumeo,
Salama


Jumatatu, 10 Juni

Mume wangu,

Ameni! Nimeitikia, umesikia? Nimeitikia mpaka paka wa jirani amekimbia.

Waliokuja kulia waliitwa tena waje kuimba. Yule wa "Mungu ndiye aliyetoa" amekuja wa kwanza na hana hata aibu. Jana kanisani nimesimama kutoa ushuhuda, nikafika kwenye kalvati nikashindwa kuendelea, kwaya ikanipokea. Mchungaji amesema ukija utasimama wewe mwenyewe. Basi jiandae, na usiwaambie watu kuhusu kukoroma.

Lile la "hata kabla yako" nimelimeza kama kidonge bila maji. Sinuni. Ni sawa, ndivyo tunavyofundishwa. Ila nakuomba kitu kimoja: kuokoka kuzuri, na akili nazo zibaki mahali pake. Usiende kumhubiria Meneja. Usiache kula kisa umefunga, kazi yako si ya mtu mwenye kizunguzungu. Na hiyo habari ya magoti kugongana, afadhali usingeniambia. Sasa kila nikisikia mlango umejigonga kwa upepo naruka.

Nami nina neno la kukuambia, ila litangoja uje. Si baya. Mtu wa baruti hapelekewi habari za kumtetemesha mkono.

Mkeo


Jumapili, 16 Juni

Mke wangu,

Nimekaa nyuma ya jiko la Mama Mpishi ndiyo naandika, kwa sababu bwenini hakuna anayenisemesha.

Ijumaa tulitoboa matundu kumi na mawili. Nikawasha, nikaingia kwenye kalvati, nikahesabu. Milio kumi na moja. Nikangoja. Kimya. Wakati mwingine matundu mawili yanalia pamoja, sikio linasikia mlio mmoja. Wakati mwingine moja linanyamaza na baruti imo ndani, sisi tunaliita bubu. Mtu akiligonga bubu kwa nyundo, ndiyo basi tena.

Nikatoka. Wote wako kwenye tuta wananitazama. Meneja akaita kutoka mlangoni mwa ofisi, "Mawili yamelia pamoja, nimesikia. Haya, ita!" Pengine kweli alisikia. Zamani ningejisemea hiyo hiyo "pengine" na kuita. Nikafungua mdomo niite. Mbele kabisa kulikuwa na mama mmoja ameshajifunga nguo kiunoni, nyundo begani, anangoja mimi tu. Nikasema, "Siwezi kusema." Meneja akasema, "Huwezi kusema nini?" Nikasema, "Hilo neno."

Mke wangu, nilikuwa natetemeka mpaka suruali inaonekana ikitikisika. Na papo hapo ile furaha ikanipanda, nikataka kucheka. Sijui kama utanielewa. Sikuwa jasiri hata kidogo. Nilijua tu kwamba nikisema salama nisiyoijua, hii niliyopewa kwenye kalvati ninaitupa kwa mkono wangu.

Kazi ikafungwa siku hiyo. Asubuhi yake nikaingia peke yangu kulitafuta bubu, fimbo ya mti mkononi na ndoo ya maji. Nilitambaa kwa tumbo kwenye vifusi. Niliogopa mpaka nikasahau jina lako, nikawa naita tu "mke wangu, mke wangu."

Halikuwepo. Mawili yalikuwa yamelia pamoja, kama alivyosema.

Akina mama wa nyundo wamepoteza siku nzima kwa ajili yangu na wamenuna, nami siwalaumu. Jina langu wamelibadilisha. Sasa naitwa Bubu. Meneja ameniita ofisini akasema kazi yangu ni kulipua na kuita. Akisema ita, naita. Nisipoita, nifunge mizigo, na yeye ataita mwenyewe.

Mumeo,
Bubu


Jumatano, 19 Juni

Mume wangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Pini zilikuwa mdomoni, nusura nizimeze.

Hivi ulipokuwa unatambaa kwa tumbo kutafuta kitu ambacho hakipo, ulinikumbuka? Unasema ulisahau hata jina langu! Na kumbe halikuwepo! Meneja alisema kweli, wewe ukawa mwongo mbele ya watu wote, na bado unaniandikia habari za furaha. Furaha gani hiyo ya kutambaa kwenye baruti?

Ni neno moja tu, baba. Salama. Watu wanalisema kutwa. "Habari za nyumbani?" "Salama." Kumbe mtoto anaumwa, paa linavuja, mama mkwe amenuna, na mtu bado anasema salama, na Mungu hajamshushia moto. Anaujua moyo wako. Sema hilo neno, halafu kama hukulala vizuri utatubu Jumapili kama sisi wengine.

Niliomba uokoke. Sikuomba nifiwe! Niliomba nipate mtu wa kukaa naye benchi moja kanisani, anishikie kitabu cha nyimbo. Nilitaka uokoke ukae nyumbani mwangu, mzima, mwenye kazi. Sikujua nikiomba nitakuwa nimekupeleka mwenyewe kwa mikono yangu.

Lile neno nililosema litangoja, sasa halingoji. Ni mwezi wa tano. Wale wawili waliotangulia hawakufika hapa, unajua. Ndiyo maana nilinyamaza, nikasema nisikutetemeshe mkono kwa kitu ambacho huenda nacho kitapotea. Huyu amekaa. Nikikanyaga mashine anapiga teke, nikiiacha anatulia. Anaujua mlio wa mashine yangu. Sauti yako haijui.

Nakuogopea mpaka maziwa yatakuja kunikauka. Nakusihi. Mungu awe wa kwanza kanisani, kazini ita salama.

Mkeo,
Mama Kijacho


Ijumaa, 21 Juni

Mama Kijacho,

Niliona saini kabla ya barua. Mimi huanza kusoma chini, unanijua. Nimekaa juu ya gunia la mchanga, watu wakadhani nimepigwa na jua. Mwezi wa tano! Na amekaa! Nimemwambia Mama Mpishi tu, akanimwagia chai nzima mguuni kwa furaha, nikaruka kama mbuzi.

Mkono sasa unatetemeka. Ulisema kweli.

Jumatano tunalipua upande wa juu, matundu mengi kuliko yote tuliyowahi, na Meneja ana haraka. Mke wangu, ninaogopa. Nilipokuwa peke yangu kwenye kalvati ilikuwa rahisi kusema Yesu kwanza, hakukuwa na mtu mwingine kwenye foleni. Sasa yupo huyu mwenye mateke. Nikifikiria nifunge mizigo nirudi bila kazi, au niingie tena kwa tumbo nisitoke, napiga magoti. Naomba, naomba, na jibu sijapata.

Wewe umeomba kabla yangu, wewe unamjua zaidi. Niandikie kwa mkono wako. Ukiandika "ita salama," nitaita. Dereva anapita kwako Jumatatu.

Mumeo


Jumatatu, 24 Juni

Mume wangu,

Dereva yuko mlangoni anakuna kichwa, amesema hana muda. Nimemwambia akae, hiki si kifungo nikishone upesi upesi.

Tangu nipate barua yako nimekaa na karatasi mbele yangu. Nimeandika "ita." Nimechana. Nimeandika "ita sa." Nimechana. Sakafu ya chumba cha mashine imekuwa ya vipande vya karatasi badala ya vitambaa. Mkono unafika pale unagoma. Kila mara namwona yule mama wako wa nyundo, aliyejifunga nguo kiunoni. Hujaniambia sura yake wala umri. Huenda naye ni mama kijacho. Huenda naye kuna mtu mahali amemwandikia "mimi mzima, hofu ni kwako." Nikiandika hilo neno, mimi ndiye nitakuwa nimemwambia aingie.

Nikajaribu kuomba, nikaona kitu kilichonitisha kuliko baruti yako. Miaka yote hii nimeimba kwamba Mungu ni wa kwanza, tena sauti ya kwanza. Kumbe wa kwanza ulikuwa wewe, na sasa na huyu. Mungu nilimweka pale mlangoni kama askari wa geti, awalinde mlio ndani. Alipotaka kuingia ndani mwenyewe, nikapiga yowe.

Basi nikasema, nimekaa kwenye kiti cha mashine kwa sababu kupiga magoti sasa ni shida kuinuka. Nikasema, "Bwana, wachukue. Mume wangu, na huyu mtoto, na mimi. Wewe uwe wa kwanza hata nikibaki peke yangu." Nilidhani nitakufa nikimaliza kusema. Halafu, sijui nikuelezeje, nikaanza kucheka. Machozi yanatiririka, mtoto anapiga teke bila mashine kukanyagwa, na mimi nacheka peke yangu. Ndipo nikaelewa ulichokuwa unaniandikia. Mume wangu, sasa ndiyo nimeokoka. Usimwambie mtu, kwaya watanivua uongozi.

Usiite kama hujui. Wakikufukuza, njoo. Nitakufundisha kutia vifungo.

Naogopa sana.

Mkeo,
Mama Kijacho


Alhamisi, 27 Juni

Mke wangu, nimeokoka. Nitaandika. Usiogope.

Salama


Ijumaa, 28 Juni

Mume wangu,

Mwandiko huu si wako. Maneno ni yako, yale yale ya mwanzo, ila "k" haina mguu.

Dereva amenipa bila kunitazama usoni. Nimemuuliza, akasema, "Yupo, dada," akapanda lori. Yupo. Hata jiwe lipo.

Safari hii sikukimbia kwa jirani. Nilirudisha mlango, nikakaa pale pale nilipokaa Jumatatu. Naogopa, mume wangu. Naogopa mpaka nimeshika meza. Ile furaha niliitafuta nikidhani imekimbia, na nimeikuta. Imekaa pembeni yangu, haijaenda popote. Sikujua kwamba hivi vitu viwili vinaweza kukaa chumba kimoja.

Unayemwandikia, wewe mwenye mwandiko huu, asante. Mwambie mke wake ni mzima, na mtoto ni mzima. Mwambie ninauliza swali lile lile. Amebaki na vidole vingapi? Kama ni kimoja, aje nacho. Mtoto mchanga hushika kimoja tu.

Mama Kijacho


Jumapili, 30 Juni

Mke wangu,

(Shikamoo nyingi hazihitajiki, ni mimi mpishi ninayeandika, yeye anasema. Nimemwambia aseme polepole, hanisikii. Hata kile kikaratasi kilikuwa mkono wangu, nisamehe, alikataa niongeze neno.)

Barua yako ya Jumatatu ilinifikia Alhamisi. Lori lilipasuka gurudumu njiani. Jumatano ilipofika sikuwa na neno lako mkononi. Nilisimama getini nikitazama barabara mpaka Meneja akaniita kwa filimbi kama mbwa. Nilikuahidi kwamba ukisema ita nitaita. Nisamehe, sikukungoja. Nilipokuwa ndani ya kalvati, king'ora kimeshalia, niliona ile ahadi nimeitoa kwa mtu wa pili kabla ya kumuuliza wa kwanza. Nikaomba nirudishiwe.

Nikawasha. Nikahesabu. Mlio mmoja haukuja.

Nikatoka nikanyamaza. Meneja hakubishana nami safari hii. Alikuja mwenyewe hadi mbele ya tuta, akaweka mikono mdomoni, akaita, "Salama!" Sauti nzuri tu, kubwa kuliko yangu.

Mke wangu, hakuna aliyeinuka. Akaita tena. Yule mama aliyejifunga nguo kiunoni, ndiye huyo huyo aliyenibatiza Bubu, aliweka nyundo chini akaikalia. Akasema, "Sisi tunamngoja Salama mwenyewe." Wengine wakakaa. Hawakuniamini kwa sababu nina akili, wiki mbili zilizopita waliniona nimekosea. Walisema mtu anayekubali kuchekwa kuliko kuwaambia uongo, huyo akisema ingia wataingia.

(Ni kweli, nilikuwepo, mimi pia nilikaa, ila juu ya sufuria.)

Asubuhi nikaingia na fimbo na ndoo. Usiniulize kama niliogopa. Niliimba ule wimbo wenu wa kwaya ambao huwa nakuambia ni mrefu mno, nikaona ni mfupi. Na safari hii bubu lilikuwepo, chini kabisa ya lile jiwe wanaloanzia kuponda. Nilimwaga maji tunduni mpaka baruti ikatoka yote kama uji. Nikadhani nimemaliza. Kumbe kile kichuma kidogo kinachoiwasha kilikuwa kimebaki kwenye tope, nami nikakiokota nikidhani ni kokoto.

(Hapa ameomba maji. Nimempa.)

Ulikuwa mlio mdogo tu, kama mtu amevunja kijiti. Sikusikia maumivu, nilisikia wanawake nyuma ya tuta wanaita wote kwa pamoja. Walikuwa wanauliza. "Salama?" Miaka yote mimi ndiye ninayewaambia, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikatazama mkono. Nikatazama lile tundu, tupu, safi. Nikajitazama ndani, pale pa kwenye kalvati, na ile furaha ilikuwepo yote, haijapungua hata punje. Nikajaza kifua nikaita, "Salama!" Ndipo wakaja mbio kunibeba.

Mkono huu hautashika tena baruti, Meneja amesema hivyo, na kwa hilo tumekubaliana. Naja kesho na lori. Naogopa. Sijui nitafanya kazi gani, sijui kama vifungo vinatiwa hivi, naogopa na hiyo siku yako ya kujifungua. Yote hayo naja nayo, na furaha naja nayo, zitabanana humo humo.

Hukuniambia nisiandike "vya kutosha"? Basi nimemwambia Mama Mpishi anihesabie kimoja kimoja. Ni vinane. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimebaki. Nimekiosha vizuri, hicho ndicho nitakachompa ashike.

Chemsha chai. Na ile rula uifiche.

Baba Kijacho
(saini ameweka mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Tazama mguu wa hiyo "k.")